Duka la Mtandaoni: Mali Kwanza, Picha Baadaye



Mtakumbuka kuwa katika mkutano wetu uliopita vijana walisimama wakaleta ombi. Walitaka Jumuiya ifungue duka la mtandaoni, duka lisilo na mlango wala meza, ambalo mnunuzi hulitazama kwenye simu yake, akachagua, akalipa kwa simu, na mali ikamfuata kwa basi. Walitaka pia tuwe na wakala na ghala ndogo mjini Mwanza, kwani huko wamo jamaa zetu wengi wanaofanya kazi, na huko ndiko mlango wa biashara ya Ziwa zima. Mkutano haukukata shauri. Kamati imetutaka tuandike maoni yetu katika ukurasa huu kabla ya mkutano ujao, kwa sababu fedha zitakazotumika ni za akiba ya wanachama, na akiba hiyo hamkuiokota njiani. Imetoka katika pishi za karafuu zilizochumwa juani.

Tunataka kusema mapema kuwa hatulipingi duka. Wapo wazee waliocheka siku ile, wakauliza mtu atanunuaje kitu asichokigusa. Lakini wazee hao hao hupeleka fedha kwa simu kila wiki kwa watoto wao walioko skuli Unguja au Dar es Salaam. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 wengi walisema ni mchezo, na leo hata muuza urojo hupokea malipo kwa simu. Kwa hivyo suala la kama watu watanunua mtandaoni limekwisha jibiwa. Suala lililobaki, na ambalo vijana hawakulijibu, ni hili: mali ya kutia katika duka hilo itatoka wapi, na kwa njia gani?

Tuliwauliza, nao wakatujibu kuwa mali si tatizo, picha zimejaa mtandaoni, mtu huchukua picha ya mwenye mali akaibandika kwake, akipata mnunuzi ndipo humwendea mwenye mali. Jibu hilo ndilo lililotupa khofu, na ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu.

Kwanza tutaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, maana si haki kumwonya mwenzio kwa shimo ambalo hukuwahi kuliangukia. Msimu mmoja tuliagiza dagaa wa Mwanza kwa ajili ya duka letu la chakula la wanachama. Tuliona picha katika simu: dagaa weupe, wakavu, wanang'aa kama fedha. Bei ilikuwa nzuri mno. Tukalipa, tukangoja. Magunia yalipofika na kufunguliwa, tukakuta dagaa weusi, wamevunjika, na kila ukoko wa mkono una mchanga wake. Aliyetuuzia hatukumjua na hatukuwahi kumwona, na simu yake ikawa haipokelewi. Dagaa wale waliishia kuwa chakula cha kuku, na khasara ikaandikwa katika daftari la Jumuiya, ambako ipo mpaka leo kwa kila mwanachama anayetaka kuitazama.

Baadaye Kamati ikatupa ruhusa ya kwenda Mwanza tujionee. Safari ni ndefu: boti mpaka bara, kisha basi zaidi ya kilomita elfu moja. Tulikwenda Mwaloni, Kirumba, penye soko kubwa la samaki na dagaa, ambako hupakiwa mali inayokwenda mikoa mengine, na nyengine huvuka mpaka kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Tukakuta marundo ya dagaa, magunia ya kayabo, yaani sangara wa chumvi, na mabondo ya sangara ambayo safari yake huishia China. Tukauliza, tukajibiwa, na katika siku mbili tukajifunza yale ambayo picha isingetufunza kwa miaka miwili.

La kwanza tulilojifunza ni mchanga. Dagaa wa Ziwa huanikwa kwa njia nyingi. Wengine humwagwa juu ya mchanga wa ufukweni, wengine juu ya miamba, wengine juu ya nyavu zilizotandikwa, na wengine juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ambako upepo hupita juu na chini. Wa mchangani ni rahisi, na wengi wao huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Wa kichanja ndio wa kuliwa na mtu. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta dagaa wake alitutazama tulivyokuwa tukichagua akasema, "Kaka, usitazame weupe. Tia mkono chini ya gunia, halafu onja." Tukatia mkono, tukaonja. Meno ndiyo yaliyotoa hukumu.

Ndugu zetu, nani kati yenu asiyeijua khabari hiyo? Si sisi tunaoambiwa kila msimu tusianike karafuu barabarani wala juu ya ardhi tupu, bali tutandike majamvi? Karafuu ya jamvini na karafuu ya barabarani zote ni karafuu, na katika picha zafanana. Lakini mnunuzi anayejua akizitia mkononi hazifanani. Kwa hivyo sisi, kuliko watu wengi, tulipaswa kujua kuwa mali iliyokaushwa haijulikani kwa macho peke yake. Tulisahau elimu yetu wenyewe kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

La pili tulilojifunza ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za nguvu ya jua. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi hutulia. Siku hizo mali hupungua na bei hupanda. Mtu aliyebandika bei moja mtandaoni mwezi mzima, naye hana dagaa ghalani, atajikuta ameahidi kwa bei ya giza, anunue kwa bei ya mbalamwezi. Ama ale khasara, ama amkimbie mnunuzi. Huenda yule aliyetuuzia sisi hakuwa mwizi wa kuzaliwa. Huenda alikuwa mtu aliyeuza asichokuwa nacho, kisha akatafuta cha rahisi kuziba ahadi yake.

Sasa tuziangalie njia za kupata mali ya duka, moja baada ya moja.

Njia ya kwanza ni kuuza kile tunachozalisha wenyewe. Faida yake ni kuwa tunaijua mali tangu mbegu, na bei yake haina mtu wa kati. Hapa lakini yapo mazuio ambayo vijana hawakuyataja. Karafuu kavu ya Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, shirika lililoundwa mwaka 1968, na Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 imeweka wazi kuwa mtu hana ruhusa ya kuichukua karafuu akaivusha maji kwa khiari yake. Tunalisema hili kwa sauti kubwa, kwa sababu katika orodha waliyotuletea vijana kitu cha kwanza kilichoandikwa ni "karafuu, gunia kwa gunia, kwenda Mwanza." Mwanachama mmoja akikamatwa na gunia bandarini hatakuwa amekamatwa peke yake, jina la Jumuiya nzima litakuwa limekamatwa naye. Wanaotaka sheria ibadilishwe wana haki ya kusema hivyo mkutanoni na kwa wawakilishi wao. Lakini duka la wanachama halifai kuwa mahali pa kuijaribu sheria. Tukitaka bidhaa ya karafuu katika duka letu, mlango ni mmoja: twende kwa Shirika lenyewe, tuulize masharti, tununue kwa risiti, na risiti tuiweke.

Hata hivyo shamba la karafuu halina karafuu tu. Chini ya mikarafuu na kando yake tuna mdalasini, pilipili manga, hiliki, kungumanga, manjano na mchaichai. Tuna asali. Pwani kina mama wana mwani, na wapo wanaoutia katika sabuni. Tuna mikeka na majamvi. Hivi vyote vinatafutwa bara, na vingi vyao twaviuza kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza atakayefika na gari. Duka la mtandaoni likianza, yafaa lianze hapa. Lakini chakula kilichofungwa hakiuzwi kiholela: Zanzibar kuna Taasisi ya Viwango na kuna Wakala wa Chakula na Dawa, na bara kuna TBS. Lebo iseme ni kitu gani, kimefungwa lini, uzito gani na nani aliyekifunga. Namba za mistari ambazo maduka makubwa huzisoma kwa mashine, zile zinazoanzia na 620 kwa Tanzania, zinaweza kungoja; usafi na uzito sahihi haviwezi kungoja hata siku moja.

Njia ya pili ni kununua kwa jumla, kuweka ghalani na kuuza rejareja. Hii ndiyo njia ya wafanyabiashara wengi wa Mwanza. Wao huja Kariakoo, wengine huvuka kwenda Kampala, na wenye mtaji mkubwa huenda mpaka Guangzhou. Ubaya wake ni kuwa fedha hulala. Mali ikikaa, panya, unyevu na mtindo mpya hula mtaji kimya kimya. Uzuri wake ni kuwa mnunuzi akiuliza, jibu ni "ipo", nawe umeishika mkononi. Kwa vitu ambavyo Jumuiya haizalishi lakini wanachama wanavihitaji, kama dagaa, dengu na mchele wa kanda ya Ziwa, njia hii yafaa, ila kwa viwango vidogo na kwa kwenda kuchagua mwenyewe au kumtuma mtu anayejua kuonja.

Njia ya tatu ni ile tunayoiita mali kauli. Mwenye mali hukupa mali yake kwa neno, ukauza, ukamlipa, na isiyouzika ukamrudishia. Wazee wetu wameendesha maduka kwa njia hii tangu zamani. Haidai mtaji mkubwa, lakini yadai jina jema, na jina likiharibika mara moja haliazimwi tena. Tunapendekeza Jumuiya iipokee mali ya wanachama kwa njia hii: mkulima alete mdalasini wake, apimiwe mbele yake, apewe hati, alipwe inapouzwa. Kwa mwanachama mwenye shida ya fedha ya haraka, Kamati ifikirie kumtangulizia sehemu, ili asije akauza kwa mtu wa njiani kwa sababu ya ada ya skuli ya wiki ile.

Njia ya nne ni kuagiza kutoka nje kwa kupitia masoko makubwa ya mtandaoni, kama Alibaba, lililoanzishwa China mwaka 1999. Tunaitaja kwa sababu vijana waliitaja mara nyingi. Wauzaji wengi huko hawauzi kimoja. Huweka idadi ya chini ya kununua, mia au elfu. Kisha kuna nauli ya meli, ushuru, na wakala wa kutoa mali bandarini. Kwa Jumuiya yetu njia hii yaweza kufaa kwa kitu kimoja, nacho ni vyombo: chupa, mifuko na vifuniko, ambavyo twavihitaji kwa wingi na haviozi. Hata hivyo tuanze kwa kuuliza bei Dar es Salaam na kwa SIDO kabla ya kuvuka bahari. Amma kuagiza simu za mkononi na viatu ili tuviuze sisi wakulima wa karafuu, hilo tutawaachia wanaolijua.

Njia ya tano ndiyo ya vijana: kuuza picha. Huna mali, huna ghala, una picha tu; mnunuzi akilipa ndipo unamwambia mwenye mali ampelekee moja kwa moja. Ulaya na Marekani kazi hii imekuwa mtindo mkubwa, na wapo waliopata fedha. Mtetezi wake husema hakuna mtaji unaopotea. Twasema mtaji upo, ila si wako. Ni imani ya mnunuzi, na hiyo ndiyo inayopotea. Kitu kikichelewa, mnunuzi atakulaumu wewe. Kikifika kibovu, atakulaumu wewe, nawe hukukiona, hukukipima, wala huwezi kukibadilisha.

Tena sisi wengi tumepita chuoni kabla ya kuingia skuli, na huko tulisomeshwa kuwa haifai mtu kuuza kitu asichokuwa nacho. Wengine huidhani kanuni hiyo ni ya zamani, haina nafasi katika zama za simu. Kwa maoni yetu imekuja kana kwamba simu ilikuwa imeonwa mbele. Wala walimu wetu hawakufunga mlango kabisa. Walitufunza mkataba wa salamu, ambao mnunuzi hutanguliza bei yote, na mali huletwa baadaye, kwa sharti kuwa aina yake, sifa yake, kipimo chake na siku ya kuletwa vyote vimejulikana na kuandikwa mwanzo. Tena mtu aweza kuwa wakala, akasema wazi kuwa mali si yake na ujira wake ni kiasi fulani. Basi kijana anayetaka kuuza kitu ambacho hakipo ghalani asifiche. Aandike: "Kitu hiki hatunacho, tunakuagizia, ni cha kichanja, kilo kumi, kitafika siku fulani, kisipofika, fedha yako inarudi." Akiandika hivyo na akatimiza, hatuna ugomvi naye. Tunachokikataa ni kujifanya una duka ilhali una picha ya duka la mwenzio.

Sasa hesabu, maana mazungumzo bila hesabu ni ngoma isiyo ngozi. Tuchukue mfano tu, kila mmoja abadilishe namba kwa anavyojua. Chupa ya asali kwa mfugaji nyuki ni Sh. 5,000. Chupa tupu na lebo Sh. 1,200. Sehemu yake ya nauli ya boti na basi mpaka Mwanza Sh. 800. Ujira wa wakala Sh. 1,000. Bodaboda mpaka mlangoni kwa mnunuzi Sh. 2,000. Ada ya malipo ya simu Sh. 200. Tuweke Sh. 300 kwa chupa zitakazovunjika njiani. Jumla ni Sh. 10,500. Kijana aliyenunua kwa Sh. 5,000 akauza kwa Sh. 10,000 hujiona amepata mara mbili, kumbe amepoteza Sh. 500 kwa kila chupa, na kadiri anavyouza sana ndivyo anavyozama.

Lakini mnunuzi yule yule akichukua chupa tatu kwa pamoja, bodaboda ni moja. Chupa tatu bila ya bodaboda ni Sh. 25,500, ongeza Sh. 2,000, inakuwa Sh. 27,500. Ukiziuza kwa Sh. 30,000 umebaki na Sh. 2,500. Bei ya chupa ni ile ile, lakini khasara imegeuka faida. Kwa hivyo twasema duka letu lisiuze kimoja kimoja. Liuze kifurushi: asali, mdalasini, pilipili manga na sabuni ya mwani pamoja. Na basi lililopeleka viungo Mwanza lisirudi na jina letu mikono mitupu. Lirudi na dagaa wa kichanja na dengu kwa ajili ya duka la wanachama hapa kisiwani. Wakala mmoja, kazi mbili, kwenda na kurudi.

Yapo pia mambo ya historia, kwani Mwanza si mji wa samaki tu kwa watu kama sisi. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko ya miaka mingi juu ya mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa jambo kubwa; walianza kwa kuweka watu wao wa kuhakikisha mizani penye kununuliwa pamba. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa Bwana Paul Bomani. Likakua likawa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Lakini ushirika ulipokua, na malalamiko yalikua, hata mwaka 1966 Kamati maalumu ya Rais ikachunguza vyama vya ushirika nchi nzima, na mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu kabla ya kuviruhusu tena miaka ya themanini. Somo tunalolipata ni la pande mbili. Wakulima waliposhika mizani walipanda. Daftari liliposhindwa kufuata ukubwa wa mali, yakaja malalamiko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na hawakusema isipokuwa mtandaoni.

Hata kwetu karafuu imetufunza. Jumuiya ya zamani ya wakulima wa karafuu, ile ya C.G.A., iliundwa mwaka 1927. Mwaka 1937 ilipopewa mamlaka makubwa juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa India wakaisusia karafuu yetu, na mali ikakosa pa kwenda mpaka yalipopatikana maafikiano ya mwaka 1938. Kuwa na mali si kuwa na mnunuzi, na kuwa na mnunuzi mmoja mkubwa si salama. Na wanaodhani duka la mtandaoni likiwa na fedha nyingi haliwezi kufungwa, wakumbuke kuwa kampuni ya Jumia, inayojulikana Afrika nzima, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Hatusemi hivyo ili kuwatisha vijana. Twasema ili tuanze kwa kiasi ambacho tukianguka tutainuka.

Basi maoni yetu, ambayo tutayaleta mkutanoni yapigiwe kura, ni haya.

Kwanza, duka lianzishwe, lakini kwa aina nne tu za mali yetu wenyewe, na karafuu isiwemo isipokuwa bidhaa iliyonunuliwa kwa Shirika kwa risiti.

Pili, kila picha itakayowekwa iwe tuliyoipiga wenyewe, ya mali iliyomo ghalani, na bei iandikwe hapo hapo. Mchezo wa kumwambia mnunuzi aje faraghani kuuliza bei usiingie katika duka la Jumuiya. Mwenye bei ya haki haoni haya kuitangaza.

Tatu, kila fungu la mali linaloondoka, sampuli yake ndogo ibaki ofisini katika chupa yenye tarehe. Mnunuzi akilalamika, tufungue chupa tulinganishe, tusibishane kwa maneno.

Nne, wakala wa Mwanza awe mtu anayejulikana na wanachama, mwenye wadhamini wawili, na kabla ya kununua gunia lolote Mwaloni atie mkono mpaka chini na aonje. Vijana wetu walioko huko wana nafasi ya kwanza ya kuomba kazi hii.

Tano, Kamati iweke kiwango cha fedha kisichovukwa kwa msimu wa kwanza, na daftari la duka lisomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, faida na khasara pamoja.

Tunajua wapo watakaosema kuwa masharti haya yatalichelewesha duka, na kuwa wenzetu wa mjini watatutangulia. Huenda ni kweli. Lakini mkarafuu nao hauchumwi mwaka uliopandwa. Hungoja miaka, kisha huzaa miaka mingi. Aliyepanda haraka bila kuchimba shimo la kutosha anajua alichokivuna.

Vijana wetu, hatukuwavunja moyo. Mmetuletea mlango ambao sisi tusingeuona. Tunachokuombeni ni kuwa kabla ya kuufungua, mwende kwanza kwenye mali: mwende kwa mkulima, mwende kwa mama wa mwani, mwende Mwaloni, mtie mikono yenu ndani ya gunia. Baada ya hapo pigeni picha mnavyotaka.

Tunawaomba wanachama wote mje mkutanoni, na kila mmoja aje na jambo moja: kitu gani shambani mwake au nyumbani mwake anaweza kukileta kila mwezi, kwa kipimo kile kile na kwa sifa ile ile. Tukishindwa kulijibu suala hilo, basi hatuna duka bado. Tukiweza, mengine ni kazi tu.

Wenu katika kazi,
Katibu